Ukuta na Waya Kwanza, Mashine Baadaye

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Kalundu. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)

 

Komite imetuomba tuseme juu ya mashine ya baridi. Wengi wenu mnataka jibu la swali moja tu: mashine ya kwanza iliteremshwa ukutani juu ya nini, na ya pili iko inafanya nini ndani ya katoni yake mpaka leo? Tutajibu. Jibu ni refu kidogo, kwa sababu ndani yake mna kosa letu sisi watu wa tereni. Tena mna kazi ambayo kila mmoja wenu anaweza kuikuta siku moja nyumbani kwake, dukani, kanisani au msikitini.

Tuanze na jina, kusudi tusikilizane. Waliobaki huku wanaita klimatizeri. Waliorudi toka Tanzania, toka Lugufu na Nyarugusu, wanaita kiyoyozi, wengine eisi. Ni kitu kimoja. Kiko na vipande viwili: kimoja cha ndani, cheupe, kinachotundikwa juu ukutani, na kimoja cha nje, kizito, chenye feni kubwa. Vinaunganishwa na mabomba mawili ya shaba, waya, na mpira wa kutoa maji. Watu wanafikiri mashine hii inatengeneza baridi. Hapana. Inabeba joto. Ndani ya mabomba mna gesi inayozunguka: ikiwa ndani ya chumba inachukua joto, ikifika nje inakamuliwa na kulitupa lile joto hewani, halafu inarudi kuchukua lingine. Ni kama wabebaji wetu wa bandarini: mtumbwi uko na magunia, wanapanda, wanashuka, mpaka mzigo uishe. Mashine ikisimama tu, joto linarudi lenyewe.

Sasa, kwa nini tuliitaka? Chumba chetu cha dawa kiko na mabati juu, na wakati ule hakikuwa na plafoni. Soma boksi za dawa zetu: nyingi zimeandikwa zisizidi digri 30, nyingine 25. Vipimo vya haraka vya malaria pia vina kikomo chake kimeandikwa pale pale. Tulitundika kipima joto. Saa nane mchana, msimu wa jua, tulisoma 34. Dawa iliyoumizwa na joto si kila mara inabadilika rangi. Mama anampa mtoto, homa haishuki, na yeye anafikiri ameuziwa dawa ya bandia, kumbe ni bati letu. Kwa hiyo haja ilikuwa ya kweli. Chanjo hatuweki pale, na tusiweke: chanjo nyingi zinataka digri 2 mpaka 8, hiyo ni kazi ya friji, klimatizeri haiwezi.

Wafadhili wakatusikia, wakatupa mashine mbili za BTU 9000 kila moja. Hapo ndipo tulipokosea. Ripoti ya miezi mitatu ilikuwa karibu, na ripoti inataka picha. Tukaita fundi Alhamisi. Ijumaa jioni mashine ilikuwa ukutani, inapuliza. Tukapiga picha, na wengi wenu mliiona: komite imesimama chini ya mashine, kila mtu anacheka. Karatasi ya kupokea kazi tulitia sahihi sisi. Hatukufungua kifuniko hata kimoja. Hatukuuliza waya wa kijani na manjano uko wapi. Tuliosoma ni sisi, na hatukuuliza.

Wiki ya tatu, asubuhi baada ya mvua ya usiku, mama yetu anayefagia kiwanja alikwenda kuondoa majani chini ya mashine ya nje. Alikuwa peku, udongo umelowa. Akashika chuma cha mashine kusudi ainame vizuri. Umeme ukamshika. Kijana aliyekuwa mlangoni hakumvuta kwa mkono. Alikimbia ndani akakata umeme kwenye ubao. Hiyo ilimwokoa mama, na ilimwokoa yeye mwenyewe, kwa sababu angemgusa, tungezika wawili. Mkisikia neno moja tu leo, msikie hili: mtu akishikwa na umeme, kata umeme kwanza. Usimguse. Kama huwezi kufika kwenye ubao, msukume mbali na ile chuma kwa mti mkavu, nawe usimame juu ya kitu kikavu.

Mama yuko hapa, ameketi upande wa mwembe. Mkono wake ulikaa na ganzi siku nyingi. Ametupa ruhusa tuseme jambo hili mbele yenu, ila alitupa sharti. Alisema: “Musiseme Mungu aliniokoa halafu munyamaze. Museme na ile waya.” Basi tunasema na ile waya.

Tulipofungua mashine na fundi mwingine, tulikuta makosa matatu yamefuatana. La kwanza: waya uliotoka ndani kwenda nje ulipita kwenye ukingo mkali wa chuma, bila mpira wa kuukinga. Mashine ikitetemeka, chuma kilikuwa kinakata ngozi ya waya kidogo kidogo, mpaka umeme ukagusa mwili wa mashine. La pili: waya wa kijani na manjano, ule wa ardhi, ulikatwa na kukunjwa ndani ya utepe mweusi, kwa sababu ile prizi ilikuwa na matundu mawili tu na nyumba nzima haikuwa na chuma cha ardhi. La tatu: kwenye ubao, badala ya fyuzi, mtu zamani aliweka nyuzi za shaba zimesokotwa. Kosa moja peke yake lisingetosha kumwumiza mama. Yote matatu yalikuwa pamoja.

Tueleze kidogo kazi ya waya huo. Umeme ukitoroka na kugusa chuma cha mashine, unatafuta njia ya kwenda ardhini. Kama waya wa ardhi upo, unapita humo, na ulinzi kwenye ubao unakata. Kama haupo, umeme unabaki pale kwenye chuma, kimya, unangojea. Mtu akija peku kwenye udongo uliolowa na kugusa, yeye ndiye anakuwa waya wa ardhi.

Wengine mnasema: “Lakini tuko na fyuzi.” Tuhesabu. Mashine ya BTU 9000 inakula karibu wati 800 mpaka 900, yaani ampea 4 hivi kwa volti 220. Fyuzi au disjonteri ya kawaida ya laini hiyo ni ampea 16. Mwili wa mtu unaanza kuwa katika hatari ya kufa kwenye miliampea 30 hivi, na ampea 16 ni miliampea 16,000. Fyuzi inakinga waya usiungue na nyumba isishike moto. Wewe haikuoni. Kitu kinachomwona mtu kinaitwa disjonteri diferensiali, ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi; ikiona kuna unaopotea njiani, inakata kabla moyo haujaharibika. Iko na kibonyezo kidogo kimeandikwa T. Kumbukeni hicho kibonyezo, tutakirudia.

Sasa ukuta. Tulipoteremsha mashine ya nje tuliona kitu kingine cha kutisha. Visi za juu zilitoka kwa vidole. Mashine hiyo ni kilo 25 na zaidi, na inatetemeka saa zote inapofanya kazi. Ilikuwa inaning'inia juu ya njia ambayo watoto wanapita kwenda bombani.

Tusijidanganye juu ya kuta zetu. Wengi wenu mlianza kuvuka ziwa mwaka 2005, toka Kigoma mpaka Baraka, halafu mkapanda mpaka huku. Wengine mlitoka Burundi. Mlikuta viwanja vimeota majani, mkajenga kwa udongo wa kiwanja chenyewe, kwa sababu sima ilikuwa mbali na mfuko. Si aibu. Lakini baadaye tulipaka sima kwa nje, na sasa nyumba ya matofali ya udongo inaonekana kama nyumba ya sima. Nyumba hii ya chama ni hivyo hivyo. Fundi aligonga, akaona pagumu, akatia visi. Njia ya kujua ni rahisi: toboa tundu dogo, uangalie vumbi. La kijivu ni sima. Likitoka jekundu au la kahawia na laini kama unga, uko ndani ya udongo, na visi haitashika.

Kalundu ukuta uko na adui mwingine, maji. Hatujasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka kwenye njia yake na mji ukazika makumi ya watu. Halafu ziwa lenyewe likapanda, likaingia mpaka nyumba za karibu na bandari. Ukuta wa udongo uliowahi kukaa ndani ya maji unaweza kusimama, ila si wa kuubebesha chuma kinachotetemeka.

Kwa hiyo, kwa nyumba zetu, ushauri wetu ni huu. Mashine ya nje isitundikwe kwenye ukuta wa udongo. Ijengewe meza yake ya matofali ya sima, imeachana na ukuta, na urefu wa meza upite alama ya maji ya mafuriko iliyobaki kwenye kuta za jirani. Usipoijua alama hiyo, uliza wazee wa avenyu, wanaikumbuka. Iachwe nafasi nyuma na mbele, hewa ipite, na iwekewe kizuizi cha kuwazuia watoto wasipande. Kipande cha ndani ni chepesi, kilo 8 mpaka 10, lakini nacho kisitegemee visi kwenye udongo. Weka ubao mgumu, uupitishe boloni mpaka upande wa pili wa ukuta, na huko nje boloni zishike ubao mwingine au bamba la chuma. Bamba la mashine lifungwe juu ya ubao huo. Ukining'inia kwa mikono yako miwili na hakitikisiki, sawa. Kikitikisika, ushuke, uanze upya.

Mbele ya kutoboa, kuna mambo ambayo fundi mwenye haraka anaruka. Umeme wa nyumba ukatwe, na mtu asimame kwenye ubao asimruhusu mtu kuurudisha. Siku ya delestaji msiseme “umeme hauko, tufanye tu”. Umeme unarudi bila kupiga hodi. Ngazi ishikwe na mtu wa pili. Aangaliwe waya wa barabarani unaopita karibu na bati, kwa sababu bomba la shaba refu mkononi likigusa ule waya, habari imekwisha. Na kama mashine ilikuwa imetumika, usiingize vidole mara tu ukishaikata: ndani ya kipande cha nje mna kondensa inayotunza umeme hata baada ya kuzima.

Kutundika kwenyewe ni hivi. Kipande cha ndani kinakaa juu, zaidi ya mita mbili toka chini, na kinaachiwa sentimita 15 hivi chini ya plafoni, maana hewa kinaivuta kwa juu. Kisikae juu ya prizi, wala juu ya rafu ya dawa, kwa sababu siku mpira wa maji ukiziba kitadondosha maji. Bamba linyooshwe kwa kipimo cha maji. Tundu la ukutani, upana wa sentimita 6 au 7, litobolewe limelala kidogo kwenda nje, kusudi maji yateremke yenyewe. Mpira wa maji usipande mahali popote. Mwisho wake uende kwenye shimo la kokoto. Maji hayo si ya kunywa, na yakituama yanafuga mbu. Tungekuwa tunapoza dawa za malaria huku tukizalisha malaria chini ya dirisha.

Sasa gesi. Hapa tunaomba vijana wasikilize sana. Soma karatasi iliyobandikwa pembeni ya mashine, imeandikwa aina ya gesi. Za zamani ziko na R22, inayoharibu tabaka la ozoni, na nchi kama zetu zilikubaliana kuiacha kufikia 2030. Nyingi za siku hizi ziko na R410A au R32. Hizi hazigusi ozoni, lakini zikitoroka zinaongeza joto la dunia mara nyingi kuliko moshi wa kawaida: kilo moja ya R410A ni kama kilo 2,000 na zaidi za gesi ya kaboni, R32 karibu 675. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikutana hapo jirani, Kigali, zikapatana kuzipunguza. Kwa hiyo kufungulia gesi hewani “kusudi isafishe bomba” ni vibaya, na kwa R32 ni hatari, kwa sababu gesi hiyo inaweza kushika moto. Mbabula isiwe karibu, wala sigara. Hewa iliyo ndani ya mabomba inaondolewa kwa pampu ya kuvuta hewa, nusu saa hivi. Baadaye unafunga, unangoja, unaangalia mshale wa kipimo. Mshale ukirudi, kuna mahali panavuja, kaza, rudia. Ukishafungulia gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likivimba, hujamaliza.

Mafundi wenye vifaa wanajaribu mabomba kwa nitrojeni. Huku nitrojeni ni shida kupata. Siku ile ya Ijumaa kijana mmoja alikwenda kwa wachomeleaji wa vyuma bandarini kuomba chupa ya oksijeni, akisema hewa ni hewa. Mzee mmoja mchomeleaji alimkatalia kabisa. Alimwambia: “Mashine yako iko na mafuta ndani. Hii ikikutana na mafuta, hautarudi kwenu.” Alisema kweli. Oksijeni yenye nguvu ikigusa mafuta ya kompresa inalipuka. Yule mzee hayumo kwenye picha, wala kwenye ripoti yetu. Leo tunamweka: yeye alizuia kosa la nne, ambalo lingekuwa la mwisho.

Mashine iwe na laini yake peke yake toka kwenye ubao: waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, disjonteri yake ya ampea 16, diferensiali ya miliampea 30, na waya wa ardhi mpaka kwenye chuma kilichopigwa ardhini, karibu mita mbili, mahali penye unyevu. Isichangie prizi moja na friji na simu za jirani. Na kwa kuwa umeme wa huku unapanda na kushuka, kiwekwe kifaa cha kulinda volti. Ninyi mnajua jioni taa zinavyokuwa nyekundu kama jua la kuchwa. Wakati huo kompresa inahangaika, inavuta ampea nyingi, inachemka, mwisho inaungua. Kifaa kinakata volti ikiwa chini sana au juu sana, na umeme ukirudi kinangoja dakika chache mbele ya kuwasha. Bila hicho, mashine mpya haimalizi mwaka.

Na jenereta. Umeme ukikatika, mtu anawaza kuileta jenereta karibu, chini ya dirisha au kwenye korido, kwa kuogopa wezi. Chumba kimefungwa kwa ajili ya baridi, klimatizeri haileti hewa mpya, na moshi wa jenereta uko na monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala, hawaamki. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha, hata kama itabidi mtu aichunge.

Sasa tuseme kilichotuumiza zaidi kama watu tuliosoma. Baada ya kuteremsha mashine, wakati tunangoja, vijana walipiga plafoni ya mbao, wakaacha tundu la wavu pande mbili chini ya bati, hewa ipite, na wakaweka paa dogo la majani upande wa jua. Kipima joto kile kile, saa nane ile ile, kilianza kusoma 30, siku nyingine 29. Yaani digri nne tulizitoa kwa mbao, misumari na wavu, bila umeme. Kwa dawa za digri 25 bado tunahitaji mashine, nayo sasa haitafanya kazi ya punda. Tungeanza na plafoni, chumba kingekuwa salama mapema, na mama asingeumia.

Wafadhili wetu, hapa tunasema nanyi kwa heshima. Hatuwalaumu. Ninyi mliomba picha. Haraka ilikuwa yetu. Ila tunaomba kitu. Kwenye bajeti ijayo mtaona mstari mpya umeandikwa “ardhi, ulinzi na ukuta”. Mstari huo haupigwi picha nzuri. Chuma kilichozikwa udongoni hakionekani, na meza ya matofali si kitu cha kucheka mbele yake. Msiukate. Bei ya vitu hivyo vyote haifiki nusu ya bei ya mashine moja. Na tukichelewa wiki mbili kutuma picha, mjue tuko tunangoja sima ikauke.

Ninyi wanachama, komite inawaletea mambo manne, mnyooshe mikono baadaye.

Moja: mashine ya pili ibaki katonini mpaka ya kwanza ifanye kazi miezi sita bila tatizo. Chumba kimoja, mashine moja, inatosha. Tukiona haihitajiki, tuwaulize wafadhili kama tunaweza kuipa kituo cha afya chenye haja.

Mbili: vijana wetu wawili waliojifunza umeme, mmoja alijifunzia Kigoma, mwingine hapa, wafanye kazi pamoja na fundi wa gesi atakayekuja na pampu yake. Wasiwe wa kushika ngazi tu. Wajifunze, na chama kiwanunulie kipimo cha umeme kiwe chao.

Tatu: hakuna sahihi ya kupokea kazi mpaka vifuniko vifunguliwe mbele ya watu watatu, na kila mmoja aguse kwa kidole waya wa kijani na manjano, kuanzia kwenye mashine mpaka unapoingia ardhini, umeme ukiwa umekatwa. Sahihi yetu sisi wa tereni iwe ya mwisho.

Nne: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya kikao, mtu abonyeze kile kibonyezo cha T. Diferensiali ikikata, ni nzima. Isipokata, mashine inazimwa siku ile ile, hata kama ni saa nane mchana na dawa ziko zinachemka. Dawa tunaweza kuhamishia kwa sista kwa muda.

Chuma cha ardhi kimekwishapigwa, wiki iliyopita, pale nyuma ya tanki. Meza ya matofali inakauka. Mkitoka hapa pitieni mwone, ila msikanyage sima.

Juu ya kibonyezo, tulimwuliza mama kama angependa kuwa wa kwanza siku tutakapowasha. Alicheka, akasema atakuja na viatu. Halafu akauliza kitu ambacho sisi hatukumwuliza fundi ile Ijumaa: “Nikibonyeza na isikate, nani atakuwa amesimama kwenye ubao?” Tumejibu kwamba tutakuwa sisi.